Mabinti zetu shule binafsi za bweni: tukishalipa ada, nafasi yetu wazazi ni ipi?

Mama Wawili (mleta uzi)

Wakuu, habari za wikiendi. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Walimu, matroni na wenye shule mliomo humu, naomba msipite kimya.

Nina binti kidato cha pili kwenye shule binafsi ya wasichana, ya bweni, Kanda ya Kaskazini. Shule siitaji, maana haya ninayoyasema nimeyasikia pia kwa wazazi wa Mbeya, Pwani na Mwanza. Na sina kinyongo na walimu. Masomo yanakwenda, mtoto ana afya, anajieleza mbele za watu kuliko alivyokuwa darasa la saba.

Juzi tulikuwa na kikao cha wazazi. Ajenda zilikuwa ada ya mwaka ujao, ujenzi wa ukumbi, matokeo ya nusu muhula, sare mpya, halafu mengineyo. Tulipofika kwenye mengineyo nusu ya watu walishasimama, hotpoti mkononi, wanawatafuta watoto wao. Mama mmoja akainua mkono akauliza mambo mawili: maji ya bwenini yanakatika saa ngapi na kurudi saa ngapi, na wasichana wanatupa wapi pedi walizotumia, kwa sababu binti yake kamwambia pipa ni moja kwa bweni zima na halina kifuniko. Ukumbi ukawa kimya. Mwenyekiti akamjibu, "Mama, hayo ni mambo ya kina mama, utaongea na matroni pembeni." Kikao kikafungwa kwa sala.

Shule ya wasichana watupu, na maji na pedi yanaitwa mambo ya pembeni! Ukumbi wa mahafali ulichukua sehemu kubwa ya asubuhi yetu.

Ninavyoona mimi, shule zimetugeuza wazazi kuwa walipaji, na sisi tumekubali kwa sababu kulipa ni rahisi kuliko kushiriki. Ukishaweka hela benki na kutuma picha ya risiti kwa mhasibu, unajiona umemaliza. Mwaka mzima simu ya shule ni ya ada, ya mchango, au ya "mtoto anaumwa, njoo umchukue". Hakuna anayekupigia kukuuliza mtoto wako alikuwaje nyumbani, anaogopa nini, amepitia nini.

Najua kuna atakayesema shule binafsi ina mwenyewe, hutaki hamisha mtoto. Kweli ina mwenyewe. Lakini tazameni wenzetu wa shule za Serikali. Pamoja na msongamano na upungufu wa walimu, ada ilipofutwa hadi kidato cha nne Januari 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022, suala la mzazi anachangia nini na anaamua nini limekuwa la wazi, linafika hadi kwa diwani na bungeni. Kwetu mjadala huo haupo kabisa. Mwenye shule, awe padri, masista, taasisi au mfanyabiashara, ndiye anayepanga nani akae kwenye bodi, na mara nyingi wanaokaa ni wenye majina makubwa, siyo wenye watoto bwenini.

Na linaniuma kwa sababu shule hizi hazikuanza hivi. St. Mary's Mazinde Juu kule Lushoto ilianzishwa mwaka 1989 na Padri Damian Milliken ili mabinti wa Usambara wapate sekondari. Barbro Johansson ya Dar es Salaam imebeba jina la mama wa Kiswidi aliyekuja kama mmisionari, akawa mbunge wetu na mkuu wa Tabora Girls. Wazee wetu wanasimulia jinsi walimu na masista walivyokuwa wakipanda milima kumfuata mzazi nyumbani, wakae naye, wambembeleze amwachie binti asome. Mzazi alikuwa mtu wa kuongea naye hata kama hana senti. Leo analipa mamilioni na anaambiwa aongee pembeni.

Ninachotaka tukijadili ni hiki. Kila kidato kiwe na wazazi wawili waliochaguliwa na wazazi wenzao, baba mmoja na mama mmoja. Kikao kianze na maisha ya bwenini ndipo kifike kwenye ada. Matroni asimame mbele atoe taarifa kama anavyosimama mwalimu wa taaluma, maana mtoto anakaa darasani mchana lakini saa zote zilizobaki yuko mikononi mwa matroni, na sijawahi kumwona akipewa maiki.

Kwenu ikoje? Kuna shule ya wasichana ambako wazazi wana sauti ya kweli? Mliipataje?

---

Mwalimu wa Zamu

Mama Wawili, nimekusoma mpaka mwisho na nakuunga mkono nusu. Nafundisha shule ya wasichana, siyo hiyo yako.

Nusu nyingine acha niseme. Wazazi wengi mkisema mnataka kushiriki, mnamaanisha kwa mtoto wenu mmoja. Mzazi anapiga simu saa nne usiku anauliza kwa nini binti kapata C ya Hesabu. Mwingine anamshonea mtoto simu ndani ya mto, tunaikuta siku ya ukaguzi, tukimwita anasema alimpa kwa ajili ya usalama. Mwingine binti kapewa adhabu ya kufyeka, kesho yake anafika na ndugu watatu wanataka mwalimu aombe radhi mbele ya mstari.

Halafu magrupu ya WhatsApp. Tulikuwa na mtoto aliyeanguka, amelala sakafuni hajitambui, picha yake ikazunguka kwenye grupu la wazazi kabla matroni hajamfikisha zahanati. Aliyeirusha ni mzazi aliyekuja siku hiyo kulipa ada. Yule binti akarudi kutoka zahanati anakuta kila mtu nyumbani kwao kaiona. Alikaa wiki nzima hataki kuingia darasani.

Kwa hiyo tukiwafungulia mlango, mtaingia na nini?

---

Kijana wa Korogwe

Naweka kambi hapa. Dada yangu anaanza kidato cha kwanza Januari.

---

Mama Wawili (mleta uzi)

Mwalimu, asante kwa kusema waziwazi. La picha niko upande wako asilimia mia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na picha ya mtoto mgonjwa siyo kitu cha kurushwa na yeyote, awe mzazi au shule. Na shule nazo ziache kubandika mitandaoni sura za watoto wetu na alama zao kutangazia biashara. Hata NECTA mwanzoni mwa 2023 iliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa.

Ila hao wa saa nne usiku, wanapiga saa hiyo kwa sababu hawajapewa saa nne asubuhi. Shule ya binti yangu haina siku hata moja kwenye muhula ambayo mzazi anakaa meza moja na mwalimu wa darasa kwa dakika kumi. Kuna kikao cha ukumbi mzima na kuna dirisha la mhasibu, basi. Wekeni siku hiyo, itangazwe mwanzo wa muhula, na atakayepiga usiku mwambieni ana miadi yake.

---

Mwanasheria wa Mtaani

Kwa kuwa adhabu imetajwa, nichomeke hili, wazazi wengi hawalijui. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, mtoaji ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na msichana anachapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike. Kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Wawakilishi wa wazazi wakishapatikana, waombe kitabu hicho kila muhula. Waombe kistaarabu na bila ndugu watatu, maana ni kumbukumbu ya shule na imewekwa ili isomwe.

---

Baba Kidato cha Tatu

Mimi nizungumzie sisi kina baba, kwa sababu kwenye shule za wasichana tumejitoa.

Mke wangu alifariki binti akiwa darasa la sita. Nilipompeleka kidato cha kwanza, kila kitu kwenye fomu kilikuwa "mama wa mwanafunzi aongee na matroni". Nikamwambia matroni, mama ni mimi. Alicheka kidogo, halafu akaona sitanii, akavuta kiti. Tukaongea hedhi, tukaongea maumivu ya tumbo anayopata na dawa gani anaruhusiwa kumeza, tukaongea nguo za ndani ngapi zinatosha muhula. Sikufa kwa aibu. Binti yangu alipojua kuwa hayo nimeyaongea mimi, mzigo ulimtoka, akaanza kuniambia mambo mengine makubwa zaidi.

Kina baba wengi wanashuka kwenye gari, wanalipa, wanamsubiri mama akaongee, wanaangalia saa.

Kingine: mimi ni fundi umeme. Mwaka jana nilimwomba mwalimu wa Fizikia anipe kipindi kimoja na kidato cha tatu. Nikaenda na mita ya kupimia, waya, soketi iliyoungua na saketi breka iliyofunguliwa. Niliwaeleza kwa nini ile soketi iliungua: mtu alichomeka pasi na jiko kwenye njia moja na waya ulikuwa mwembamba. Nikawapa bisibisi, wakafungua wenyewe. Kuna binti alikaa nyuma, hasemi, akaja kuniuliza kama veta wanachukua wasichana kwenye umeme. Nikamwambia wanachukua, na mimi mwenyewe nimefanya kazi chini ya mhandisi mwanamke. Kipindi kilipoisha walinizuia mlangoni.

Hapo sikuchangia hata shilingi, na mwalimu alisema lile somo la saketi hakulirudia. Sasa fikirini humo kwenye grupu la wazazi kuna nesi, dereva wa malori, mshonaji, afisa ardhi, mfuga kuku, rubani. Tunatumia grupu hilo kukumbushana ada na kutumiana salamu za asubuhi zenye maua.

---

Mhasibu wa Chuda

Mchango wangu ni wa hela, samahani kwa watakaochoka.

Wazazi mkianza umoja wenu, msikubali fedha zenu ziingie akaunti ya shule, na msikubali pia ziingie simu ya mwenyekiti. Fungueni akaunti ya umoja, watia saini watatu kutoka vidato tofauti, taarifa ya benki isomwe kila kikao na ibandikwe kwenye grupu. Nimeona umoja wa wazazi mzuri ukivunjika kwa sababu ya mchango wa basi ambao hakuna aliyeweza kueleza ulikofika.

Na muwe makini na viwango. Kwenye shule hizi wapo mabinti wanaosomeshwa na wafadhili au parokia. Mkikubaliana kila mzazi atoe laki mbili za zawadi ya walimu, kuna mjane hapo anayetoa nauli tu kwa taabu. Mtoto wake atasomewa kwenye orodha ya ambao hawajatoa. Orodha za majina kwenye magrupu zipigwe marufuku siku ya kwanza. Anayetoa apewe risiti yake, asiyetoa asitajwe.

---

Meneja

Ninasimamia shule, nitasema kwa ufupi. Wenye shule wanaogopa umoja wa wazazi kwa sababu kikao cha kwanza tu hoja inakuwa kupunguza ada. Mimi nina walimu wa kulipa mwezi wa kumi na mbili, watoto wako likizo na robo ya ada bado iko kwa wazazi. Mzazi anayedaiwa mihula miwili anasimama kuuliza kwa nini nyama ni mara moja kwa wiki.

Hata hivyo la wawakilishi wa kila kidato sina ugomvi nalo. La matroni kutoa taarifa nalichukua.

---

Mama Wawili (mleta uzi)

Meneja, ubarikiwe kwa kujibu. Deni ni deni, na mzazi anayeweza kulipa alipe. Ila binti wa anayedaiwa naye anakula chakula hichohicho na anaoga maji hayohayo, kwa hiyo swali la mzazi wake linabaki swali. Na nikuhakikishie, ukituonyesha gharama zilivyo, wengi wetu tutakuelewa. Kinachotufanya tubishane kuhusu ada ni kwamba hiyo ndiyo ajenda pekee mnayotupa.

---

Nesi wa Kagera

Nimesoma kwa utulivu, na nimeona Mwalimu wa Zamu kataja mtoto aliyeanguka. Hili la wasichana kuanguka bwenini, kupiga kelele, kucheka au kulia kwa pamoja, kila mwaka tunalisikia, na kila mwaka tunakimbilia kusema ni mapepo. Niwakumbushe la kwetu.

Tarehe 30 Januari 1962, kwenye shule ya bweni ya wasichana ya misheni pale Kashasha, Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Likasambaa. Kati ya wanafunzi 159, walipatwa 95, wote umri wa miaka 12 hadi 18. Walimu hakupatwa hata mmoja. Machi 18 shule ikafungwa, watoto wakarudishwa makwao, na muda si mrefu likazuka Nshamba, walikotoka baadhi yao. Aprili na Mei walipatwa watu 217. Shule ilifunguliwa Mei, likarudi, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni. Madaktari walipima damu, wakachunguza chakula, hawakukuta sumu wala mdudu wa ugonjwa. Mwaka 1963 waliandika taarifa yake kwenye jarida la kitabibu, na waliolichambua baadaye wanaliona kama msongo wa pamoja: mabinti wenye umri mgumu, sheria kali, matarajio makubwa, na hawana pa kusemea.

Kwa nini nalileta hapa? Kwa sababu lile la Kashasha ndilo ninaloliona kazini. Wanaletwa kwetu wasichana wanne au watano kwa mpigo, wiki mbili kabla ya mtihani wa kidato cha pili au cha nne. Presha nzuri, malaria hakuna, sukari nzuri. Ukiwatenga mmoja mmoja ukaongea nao taratibu, unakuta huyu wazazi wanaachana na kaambiwa kwa simu, yule ametishiwa kuhamishwa asipopata daraja la kwanza, mwingine hajatembelewa tangu shule ifunguliwe. Dawa tunazowapa ni za kichwa tu. Kilichotakiwa ni mtu mzima wa kuwasikiliza mapema.

Wazazi, mkipigiwa simu kuwa mtoto kaanguka, mkimbilie kwanza kupima afya, halafu mketi naye. Maombi yapo, mimi mwenyewe nasali, lakini msimzungushe mtoto kwenye madhabahu kabla hajaulizwa kinachomsumbua.

---

Dada wa Dabo Deka

Mimi nimemaliza kidato cha sita miaka michache iliyopita, shule ya wasichana, ya binafsi. Naomba niongee kwa niaba ya waliokaa bwenini.

Siku ya kutembelea watoto mnaiona nzuri nyinyi mnaokuja. Mikeka chini ya miti, pilau, kuku, soda, wadogo zetu wanakimbia. Sasa zungukeni nyuma ya mabweni. Kuna wasichana wamejifunika shuka mchana kweupe, wanasema wanaumwa. Hawaumwi. Nyumbani kwao ni Sumbawanga au Tunduru, nauli ya mtu mmoja kwenda na kurudi ni mtaji wa biashara ya mama. Nilikuwa mmoja wao kidato cha kwanza na cha pili. Unasikia majina yanaitwa kwenye spika, "fulani una mgeni", unajikuta unasikiliza ingawa unajua la kwako haliitwi.

Kidato cha tatu mama wa rafiki yangu aliniita. Hakunipa mabaki. Aliniita mapema, chakula kikiwa hakijafunguliwa, akanikalisha, akaniuliza masomo, akaniambia kucha zangu ni ndefu, akazikata palepale. Alinigombeza kwa sababu ya kucha! Nilifurahi siku ile kuliko zawadi yoyote. Baada ya hapo kila akija alikuwa anatuuliza wote wawili ripoti.

Kwa hiyo mkiulizana wazazi mshiriki vipi, kabla ya bodi na akaunti, muanzie hapo. Mkubaliane kila mzazi anayekuja achukue binti mmoja asiye na mgeni. Shule inayo orodha, dada mkuu anawajua wote.

---

Mama wa Muscat

Dada wa Dabo Deka umeniliza.

Nafanya kazi Muscat, kazi za ndani. Binti yangu yuko shule ya wasichana Tanga, ada yake ndiyo iliyonileta huku. Mama yangu ndiye mlezi, ana miguu mibaya, hawezi kusafiri. Siku ya simu shuleni wanapewa dakika chache, na huku mimi mara nyingine nakuwa na kazi siwezi kupokea. Nikiikosa ile simu, basi hadi mwezi mwingine. Nashiriki vipi mimi? Naomba ushauri wa kweli, nimechoka kuambiwa nitume hela ya ziada.

---

Matroni Mstaafu

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nimelea wasichana bwenini tangu nikiwa kijana hadi nimestaafu, shule za masista na baadaye ya mtu binafsi. Mama Wawili, mwanangu, umesema kweli kwamba matroni hapewi maiki. Tunaitwa wakati taulo limepotea.

Mama wa Muscat, nianze na wewe. Andika barua. Barua ya karatasi, kwa mkono wako. Simu inakatika, barua mtoto anaiweka chini ya mto, anaisoma akiwa na huzuni, anaisoma tena. Nimewaona wasichana wakubwa wa kidato cha sita wana barua za mama zao kwenye tranka tangu kidato cha kwanza. Mtumie mtu anayerudi nyumbani, au piga picha mlezi aichapishe na kuipeleka. Usijaze "soma kwa bidii" ukurasa mzima. Mweleze unalala wapi, unapika nini, jua la huko likoje, nani rafiki yako. Mtoto akijua maisha yako, naye atakueleza ya kwake. Halafu omba namba ya matroni, mpigie wewe matroni saa ambayo wewe una nafasi, umuulize hali ya mtoto. Hiyo haihitaji siku ya simu ya wanafunzi.

Sasa wazazi wengine. Mambo niliyokuwa nayataka kwenu hayakuwa makubwa.

Siku ya kuripoti, niambieni ukweli wa afya ya mtoto. Pumu, kifafa, sikoseli, kukojoa kitandani. Mnaficha mkidhani atakosa nafasi au atachekwa. Nimeshawahi kukaa usiku na mtoto anabanwa na pumu, dawa iko kwenye tranka, na mimi sijui kama ipo kwa sababu mama yake alimwambia asiseme. Anayekojoa kitandani ukiniambia, namlaza karibu na mlango, namwamsha saa sita, hakuna atakayejua.

Nyumbani kukitokea msiba au ugomvi, nipigieni mimi kwanza. Msimpe mtoto habari kwa simu akiwa kwenye foleni nyuma yake wenzake kumi. Mimi nitamwita chumbani kwangu, nitampa chai, ndipo nitawapa muongee naye.

Mkija kumtembelea, acheni kuanza na "umekuwa wa ngapi?" Muulize nani analala kitanda cha juu yake. Muulize siku hizi anakaa na nani mezani. Muulize maji ya kuoga anayapata saa ngapi. Mtoto akishindwa kutaja rafiki hata mmoja, njoo kwangu kabla hujaondoka.

Na la mimba, maana hamkulitaja. Serikali ilitoa Waraka Na. 2 wa 2021, Novemba, kwamba binti aliyejifungua anarudi shule. Shuleni kwetu lilikuwa linamalizwa kimyakimya, mzazi anaambiwa atafute pengine, tranka linatolewa usiku. Wawakilishi wenu wakipatikana, waulizeni wenye shule wazi: binti akipata mimba hapa, utaratibu ni upi? Muulize kabla halijatokea kwa mtoto wa mtu yeyote, ili asionekane anayesemwa.

---

Mwalimu wa Zamu

Shikamoo Matroni. Hili la msiba kwa simu ningependa liandikwe kwenye fomu ya kujiunga kila shule.

Baba Kidato cha Tatu, kwetu walimu wa Fizikia wako wawili na vidato sita. Ukiwa Moshi au Arusha naomba nikutafute PM.

---

Mdau wa Njiro

Kuongezea kidogo: hapa Arusha shule ya St Jude, iliyoanza 2002 na kufungua sekondari ya wasichana 2020, inawasomesha watoto wa familia zisizo na uwezo bila ada, na kabla ya kumpa mtoto nafasi wanakwenda hadi nyumbani kuona anavyoishi. Najua ile inaendeshwa kwa michango ya wafadhili, siyo ada. Ila kwenda nyumbani kwa mtoto hakugharimu ukumbi. Mwalimu wa darasa akitembelea nyumba chache za karibu kila likizo, angejua mengi.

---

Mama Wawili (mleta uzi)

Wakuu, nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia. Matroni, marahaba yako nimeipokea, na shikamoo tena.

Tumekwenda mbele kidogo huku kwetu. Jana tumeongea wazazi wa kidato cha pili kwa simu, yule mama wa swali la pedi akiwemo. Tumekubaliana barua moja kwa mkuu wa shule, yenye mambo manne tu: wawakilishi wawili kila kidato, taarifa ya matroni iwe ajenda ya kwanza, siku ya mzazi na mwalimu wa darasa mara moja kila muhula, na mapipa yenye vifuniko pamoja na ratiba ya maji kubandikwa kila bweni. Ada hatujaigusa. Mapipa tumesema tutayanunua wenyewe ikibidi, mradi shule ikubali nani atayamwaga na wapi yatachomwa, maana hapo ndipo penye kazi.

Wazo la Dada wa Dabo Deka hatukulisubirisha hadi barua ijibiwe. Siku ya kutembelea ijayo, dada mkuu atatupa orodha ya mabinti wasio na wageni, na tumeshapata wazazi wa kuwachukua wote wa kidato cha pili. Tumekubaliana kuwaita mapema, chakula kabla hakijafunguliwa, na hakuna picha.

Mama wa Muscat, kama binti yako yuko shule yetu, nitafute PM. Usiweke jina lake hapa. Nitajie kidato na bweni, na kitu anachopenda kula.

---

Mama wa Muscat

Nimekuandikia. Siyo shule yenu, lakini nimempigia matroni wao leo asubuhi kama nilivyoelekezwa. Amenipokea vizuri, tumeongea muda mrefu, na amesema barua ipelekwe kwake moja kwa moja. Mwenye mtu anayesafiri Muscat kwenda Tanga wiki hii au ijayo, naomba anijulishe.

---

Kijana wa Korogwe

Mama wa Muscat, shemeji yangu anashuka Dar Jumamosi na anapitia Tanga kuja kwetu. Nakutumia namba yake PM.